Dakika Tisini Mlangoni

Wachukuzi wa nyama wa chumba cha barafu walikuwa na mchezo wao. Aliyekaa ndani muda mrefu kuliko wenzake, dakika zake ziliandikwa mlangoni kwa chaki.

Mume wa Mama Pacha ndiye aliyeupenda mchezo huo kupindukia. Walimwita Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja kama mpira.

"Yule hulala mpaka anapoa mwili mzima, halafu anaamka mzima," alijigamba. "Na mimi ndivyo nilivyo."

Mama Pacha, aliyekuwa akikata na kufunga nyama kwenye meza ya nje, alicheka. Kusema kweli, aliona fahari.

Asubuhi moja mumewe alitoka akipepesuka, lakini hatetemeki.

"Ameshazoea!" wenzake wakashangilia. Mmoja akakimbilia chaki: dakika tisini.

Wakamsugua kwa nguvu ili apate joto, wakamtembeza uani. Mama Pacha mwenyewe alileta kitambaa cha kumsugulia. Hatua ya saba, mumewe akaanguka. Hakuinuka tena.

Baada ya msiba, muuguzi wa zahanati alikuja kumpa pole.

"Kalunguyeye anawezaje, mume wangu ashindwe?" Mama Pacha aliuliza.

"Moyo umejengwa kwa chembe ndogo mno. Kila pigo, madini ya kalsiamu huingia kwenye chembe, nayo hujikaza. Lazima yatolewe ndipo ilegee. Chembe za kalunguyeye huyatoa hata kwenye baridi kali. Moyo wake hupiga polepole, lakini kwa mpangilio. Za kwetu zikipoa sana, zinashindwa. Madini yanajazana, mapigo yanavurugika. Hapo, kutikiswa tu kunaweza kuusimamisha moyo."

"Mbona hakutetemeka?"

"Mwili ulikuwa umeishiwa nguvu, mama. Hiyo ni hatari, si mazoea."

"Nasi tukamsugua."

Muuguzi hakumdanganya. "Huenda ndiko kulikommaliza. Mtu wa hivyo mlazeni taratibu. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni blanketi kavu, iteni gari la wagonjwa. Msimsugue, msimtembeze, msimpe pombe."

Mdogo wa marehemu alichukua kazi ileile, na koti lilelile. Alitaka kumpita kaka yake. Mama Pacha alimsihi mpaka akachoka.

"Shemeji, nawe kwa woga!" alicheka kijana.

Haukupita mwezi, akatoka ndani ameduwaa, ulimi mzito, hatetemeki. Wanaume walikwisha kumshika mikono wamtembeze. Mama Pacha aliangusha kisu, akawakimbilia.

"Mwacheni! Mnataka kuniulia na huyu mpumbavu?"

Wakamlaza polepole. Wakamvua koti lililolowa, wakamfunika mablanketi makavu. Mama Pacha alipiga magoti, akawa anaangalia kifua kikipanda na kushuka, mpaka gari lilipofika.

Siku ya nne kijana alirudi kwa miguu yake.

"Shemeji, nasikia ulinitukana."

"Sana. Na nitakutukana tena."

Tangu siku hiyo hakuna anayeingia peke yake. Huingia wawili wawili, na kila baada ya dakika ishirini hutoka kuota jua. Mchezo umekufa. Namba ya marehemu tu ndiyo ilibaki mlangoni, kwa kuwa kila mwanamume aliogopa kuigusa.

Mama Pacha alichukua kitambaa, akaenda kuifuta mwenyewe. Chaki ilikuwa imeganda. Ikabidi asugue kwa nguvu, na hapo ndipo alipolia.