Redio Ashushwa Garini

Mtaani kwetu fundi seremala tunamwita Redio, maana hazimi. Akijigonga kidole na nyundo, mtaa mzima unajua. Mkewe ni fundi cherehani. Wanafanya kazi katika ukumbi mmoja na mafundi wengine, na kutwa nzima wanataniana.

Asubuhi moja paa la ukumbi liliporomoka. Watu walitoka wakikohoa vumbi. Wengine walitolewa wakiburutwa. Hospitali ilikuwa mbali, na gari lililokuwepo ni moja tu, pikapu ya muuza mbao.

Redio alivunjika mguu. "Nakufa jamani! Mke wangu, nakufa!" Sauti yake ilizifunika zote. Watu wakambeba mbio, wakamlaza kwenye pikapu. Mkewe, ambaye hakuumia, akapanda naye.

"Washa gari!" mtu akapaza sauti.

"Subirini!" Alikuwa jirani yao, muuguzi wa zahanati. "Nani kasema huyu aende wa kwanza?"

"Kwani husikii anavyolia?" mke akafoka.

"Namsikia, dada. Anayepiga kelele anapumua. Mimi nawaogopa walionyamaza."

Akageukia umati. "Anayeweza kutembea asogee kule getini!" Wengi wakasogea. "Hao watangoja. Waliobaki tuwaangalie haraka. Anapumua vizuri? Damu inamwagika? Ukimwambia akushike mkono, anakushika? Aliye karibu kufa lakini anaweza kuokolewa, huyo ndiye wa kwanza. Hatuangalii undugu wala kelele."

Karibu na mlango alilala fundi viatu, kimya, midomo imempauka. Damu ilimruka pajani. Muuguzi akakunja kitambaa, akalikandamiza jeraha kwa nguvu zake zote.

"Huyu akicheleweshwa, tunampoteza."

Pikapu ilikuwa na nafasi ya kumlaza mtu mmoja tu.

"Na mume wangu je?" mke akauliza.

"Mguu unamuuma sana, najua. Lakini havuji damu, anapumua, anaongea. Tena anaongea mno! Anaweza kungoja. Hatujamtupa, dada. Tutamwangalia kila mara. Hali yake ikibadilika, na zamu yake itabadilika."

Mke akamtazama mumewe. Machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Nisaidieni kumshusha."

"Mama watoto! Unanishusha mimi?"

"Nakushusha, baba watoto. Nisamehe. Wewe endelea kulia, nikusikie."

Fundi viatu akapakiwa, mtu akiendelea kulikandamiza jeraha lake, na gari likaondoka. Mke hakukaa akilia. Alichana vitambaa vyake vya kushonea, akawafunga majeruhi mkononi kama muuguzi alivyomwelekeza: chekundu kwa wa kwanza, cha njano kwa anayeweza kungoja kidogo, cha kijani kwa anayetembea. Magari ya hospitali yaliyoitwa kwa simu yalipofika, hakuna aliyebishana. Kila mtu aliona nani abebwe kwanza. Redio, na kitambaa chake cha njano, alifuata baada ya wenye vyekundu.

Fundi viatu aliponea chupuchupu. Siku hizi mafundi wote wanajifunza kwa muuguzi namna ya kuwapanga majeruhi na kuzuia damu, na fundi cherehani ndiye anayemsaidia kufundisha. Tunajivunia mafundi wetu, na tunajivunia zaidi huyu mama.

Lakini hakuna anayejivuna kama Redio. Mguu umepona, na kila mteja lazima asimuliwe.

"Alinishusha kwa mikono yake mwenyewe, huku analia," husema. "Na mtu akapona. Mke kama huyo mnaye nyinyi?"