Koti la Chungwa

Mtaani walimwita Mama Usafi, na yeye hakulikataa jina hilo. Kila akipokea machungwa kutoka shambani, aliyatia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya kufulia, akashika brashi, akayasugua moja moja mpaka yang'ae. Mume wake, fundi cherehani, alimtania kwamba iko siku na yeye atasuguliwa humo humo. Kisha Mama Usafi aliyafunga machungwa katika mifuko ya plastiki, akaikaza midomo ili nzi wasiingie, na kila Jumatatu akayapeleka jikoni hospitalini. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha, maana cherehani ilikuwa na siku zake.

Jumamosi moja mpishi mkuu wa hospitali alimwita stoo. Akafungua mfuko mbele yake. Machungwa ya juu yalikuwa yamenyauka. Ya chini yalikuwa na ukungu wa kijani.

"Mama, nakuheshimu," mpishi alisema. "Lakini hawa ni wagonjwa, siwezi kuwapa haya. Nakupa wiki moja. Yakiwa hivi tena, natafuta mtu mwingine."

Mama Usafi alirudi nyumbani. Aliona aibu, tena aliogopa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Jirani yao mmoja alifanya kazi kwenye ghala la kufungashia matunda, na mtaa mzima ulimwita Shangazi wa Ghalani. Mama Usafi alikwenda kwake siku hiyo hiyo, maana kuuliza si ujinga. Shangazi alimwomba aeleze kila anachofanya, tangu mwanzo. Alipofika kwenye brashi na maji ya moto, Shangazi alijishika kichwa.

"Mwenzangu, unayavua nguo."

"Kumbe usafi nao ni kosa?" Mama Usafi aliuliza. Machozi yalimlengalenga.

"Usafi si kosa. Kosa ni kusugua." Shangazi alichukua chungwa ambalo halijaoshwa, akalikwaruza taratibu kwa ukucha. Ukuchani pakabaki kitu chembamba, cheupe. "Hii ni nta. Chungwa linazaliwa nayo. Ndiyo inayozuia maji ya ndani yasikauke. Wewe ukioga kwa sabuni ya kufulia kila siku, usijipake mafuta, ngozi yako itakuwaje?"

"Itapauka."

"Basi na chungwa ni hivyo hivyo."

Mifuko nayo ilikuwa na ubaya wake. Shangazi alieleza kwamba tunda huendelea kupumua hata likishachumwa. Ukilifungia kwenye plastiki, pumzi yake hugeuka matone ya maji, na ukungu hupenda unyevu.

"Sisi ghalani tunaiga chungwa lenyewe," alisema. "Tukiliosha, tunalirudishia koti lake."

Jumapili wakaanza kazi. Waliweka pembeni machungwa yote yenye michubuko, kwa sababu nta haiponyi kilichooza. Mazima waliyaosha kwa maji safi, bila brashi. Mume aliacha cherehani akayafuta kwa kitambaa mpaka yakakauka, huku akinung'unika kwamba hata watoto wake hakuwahi kuwafuta hivi. Shangazi alileta nta ya nyuki iliyochujwa. Ya mshumaa haifai, alisema, si ya kula. Aliyeyusha kijiko kimoja cha nta na vijiko vinne vya mafuta ya kula katika sufuria ndogo, aliyoiweka ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja, maana huwaka upesi. Ilipopoa ikawa laini, wakaanza kupaka.

Mama Usafi hakuzoea kufanya kazi nusunusu. Chungwa la kwanza alilipaka nta nene kama siagi kwenye mkate. Shangazi alimshika mkono.

"Utalinyima pumzi, na utamu wake utaharibika. Paka kidogo, kisha futa. Futa mpaka udhani hukupaka kitu."

Walipomaliza, waliyapanga kwenye makreti yenye matundu yaliyotandikwa karatasi safi. Jumatatu yakapelekwa. Wiki hiyo Mama Usafi hakupata usingizi wa kutosha.

Jumamosi alisimama tena stoo. Mpishi hakuchukua la juu. Aliingiza mkono mpaka chini ya kreti, akatoa chungwa, akalikata. Maji yalimtiririka hadi kiwikoni.

"Haya umeyaleta leo?"

"Ni ya Jumatatu. Uliyapokea mwenyewe."

Mpishi alikula kipande. Akala na cha pili, kisha akamwita msaidizi wake.

"Kata mengine," alimwambia. "Wagonjwa wa wodi zote wapate."

Akamgeukia Mama Usafi. "Jumatatu tunakusubiri, mama."

Mama Usafi aliitikia kwa heshima, akaaga, akatoka nje. Alipofika nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo hakuna aliyemwona, alikaa chini akalia kwa furaha.