Difu Jipya la Bikizee

Kila alipotoka shule, Mashavu alivua sare, akala wali wake uliofunikwa kwa kawa, akavaa suruali kuukuu yenye madoa ya grisi, akaenda gereji. Gereji ilikuwa ya mjomba wake Muhidini, kando ya barabara kuu pale Kibiti, na Mashavu, ingawa alikuwa darasa la sita tu, alizijua spana zote kwa namba. Wenzake walimtania kwamba ataolewa na jeki. Alicheka nao, kisha akaenda zake.

Wiki ile kulikuwa na kazi kubwa, tena ya nyumbani. Pikapu ya mama yake, Bi Mwamini, ilikuwa imekatika ekseli njiani ikiwa imejaa mpunga. Lilikuwa gari la zamani mno, hata majirani waliliita Bikizee, lakini ndilo lililowalisha. Mama alinunua mpunga kwa wakulima wa Mbwera, kule visiwani, akaupokea dikoni ambako mashua huegeshwa, akauleta Kibiti kuukoboa na kuuza. Safari hii mjomba alikataa kuweka viraka. Alitafuta difu zima la nyuma, chombo cha chuma chenye meno yanayozungusha magurudumu, lililotoka kwenye gari kubwa zaidi, ekseli zake nene kama mchi. Fedha zote za mavuno yao ya korosho ziliishia hapo.

"Likifa na hili," mama alisema, "tutabeba mpunga kichwani."

Kulifunga hakukuwa mchezo. Difu lilikuwa pana kuliko la kwanza, hivyo vikalio vya springi vilikatwa na kuchomelewa upya, na propela, chuma kirefu kinachounganisha injini na difu, ikafupishwa. Breki nazo zikatolewa upepo, Mashavu akikanyaga pedeli na mjomba akifungua na kufunga huko uvunguni. Ikabaki kazi moja ndogo, nayo akapewa Mashavu: kuhamishia difu jipya mpira mwembamba wa kupumulia, unaotoka juu ya difu na kupanda hadi nyuma ya kabini.

"Usiudharau," mjomba alimwambia. "Difu likipata moto kisha likaingia kwenye maji kule dikoni, hewa ya ndani inanywea, nalo linavuta pumzi. Mpira usipofika juu, litavuta maji ya chumvi, na meno yote yataliwa na kutu." Akamwagiza auloweke kwanza katika maji ya moto, kwa sababu ulikuwa umekakamaa kwa uzee. Kisha akaenda msikitini kuswali Alasiri.

Mashavu aliteleka maji. Yalichelewa kuchemka, naye alitaka mjomba akirudi aikute kazi imekwisha. Akaushika mpira, akauvuta. Ukakatika katikati.

Alikichomeka kipande kifupi kwenye difu, akaficha ncha yake nyuma ya bomba la breki, akaifunga kwa waya pamoja na ncha ya kile kirefu kilichopanda kabini. Ukitazama juu juu, ungedhani mpira ni mzima. Mjomba aliporudi akauliza kuhusu mpira, Mashavu akajibu, "Tayari, mjomba." Mjomba hakuinama kutazama. Jioni alimweleza mama kwamba binti yake ana mikono ya fundi, naye Mashavu akainama kukusanya spana.

Jumamosi mama, mjomba na Mashavu waliondoka baada ya Alfajiri. Bikizee alipita kwenye mashimo bila kulalamika, na mama, mikono kwenye usukani, aliimba kwa furaha. Mashavu alikuwa akijidanganya kwamba huenda maji ya leo hayatakuwa mengi.

Yalikuwa mengi. Mashua ya Abubakary, nahodha kutoka Mbwera, ilikuwa tayari imesheheni magunia. Pale dikoni mpunga haubebwi begani kupita kwenye tope, kwa sababu mtu akiteleza, gunia limelowa, na mpunga uliolowa maji ya chumvi ni hasara tupu. Gari hurudi kinyumenyume hadi ndani ya maji, ubavuni mwa mashua, wakati maji yamejaa. Yakianza kupwa, mashua hukwama topeni na siku imepotea.

Kumwelekeza mama ilikuwa kazi ya Mashavu siku zote. Alisimama ndani ya maji hadi magotini, naye mama akawa anamtazama kwenye kioo cha pembeni.

"Njoo, mama. Njoo." Matairi yakagusa maji, yakaendelea kuzama. Difu likabakiza shubiri moja tu kugusa maji. Mashavu akakumbuka korosho walizookota juani, yeye na mama, mpaka migongo ikawauma. Akanyanyua mkono juu.

"Simama, mama. Mpira wa difu haujafika juu. Niliuvunja mimi, nikauficha."

Mama alilisogeza gari mbele, akalizima. Abubakary alinung'unika kwamba maji hayamsubiri mtu. Mjomba aliingia uvunguni, akatoka na vipande viwili, kisha akamwomba Abubakary mpira wa akiba wa mafuta wa injini ya mashua. Abubakary akautoa, kwa sharti urudishwe safari ijayo. Mjomba akamkabidhi Mashavu mpira huo pamoja na bisibisi.

"Uliuvunja wewe, utaufunga wewe."

Mashavu alilala kwenye mchanga mbichi, akaufunga, akaupandisha hadi nyuma ya kabini, akaukaza kila mahali. Safari hii mjomba aliinama, akaukagua kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashavu aliumia kuona hivyo, lakini alijua amejitakia. Bikizee akaingia majini, na gunia la mwisho lilipakiwa mashua ikianza kugusa tope.

Walipofika Kibiti, mjomba alifungua nati ya difu, akachovya kidole. Oili iliyoingia maji huwa nyeupe kama tui. Hii ilikuwa safi.

"Kila fundi huvunja kitu," alimwambia Mashavu. "Mimi nimevunja vingi. Lakini fundi anayeficha alichovunja, gari la watu simpi."

Mashavu aliuliza kwa sauti ndogo nani atamwelekeza mama wiki ijayo. Mama alifuta mikono kwa kanga.

"Nilikuwa narudi kinyumenyume majini kwa macho yako, mwanangu. Ungenyamaza, ningeingia. Ulikubali kuaibika mbele ya watu kuliko kuniacha niingie, kwa hiyo utanielekeza wewe. Ukweli una uchungu siku moja tu. Uongo ungekula difu letu kidogo kidogo."

Jumatatu mjomba alileta mpira mwingine wa difu, mkuukuu na uliokakamaa, kuchukua nafasi ya ule wa Abubakary. Mashavu alibandika sufuria motoni, akakaa kando yake, akangoja maji yachemke.