Kikohozi Nje ya Geti

Jina langu ni Mashaka, na wanaonijua husema mama hakukosea kunipa. Kazi yangu iko Kasindi, mpakani, kupitisha makaratasi ya mizigo ya wafanyabiashara. Miaka kumi na minne nimekuwa nikisoma hati ambazo nusu yake ni uongo, kwa hiyo mtu akinisalimia kwa furaha, kwanza ninajiuliza anataka nini. Ninayosimulia hapa yalimpata shemeji yangu Lukman, mume wa mdogo wangu Safi, hapo Butembo, mwaka jana. Sikusimuliwa, nilikuwepo. Natamani nisingekuwepo.

Mwezi ule nilikuwa nimekuja kwa Safi kupumzisha mgongo. Nyumba yao iko mwisho wa barabara ya udongo, ukishamaliza kupanda kilima, ndani ya ukuta wa matofali wenye geti la bati zito lisilo na tundu hata la kuchungulia. Lukman alisafirisha watu na bidhaa kati ya Butembo na Beni kwa Carina yake nyeupe. Bomba la moshi la gari hilo lilikuwa limetoboka na kuzibwa mara nyingi, na kila alipopunguza gia kwenye kile kilima, gari lilikohoa. Mara tatu, kikohozi kikavu, kisha kimya kidogo, kisha mara tatu tena. Binti yao Zawadi, wa miaka minane, akikisikia aliacha chochote alichoshika na kukimbia kufungua geti. Lukman hakuwahi kupiga honi nyumbani kwake.

Lakini madereva wenzake walimcheka. "Gari ya Lukman iko na TB," walisema pale parking, na abiria wengine wakapanda gari la jirani yake. Basi Jumanne moja asubuhi aliniomba nimsindikize kwa Nzanzu.

Nzanzu alikuwa fundi wa kuchomelea, ng'ambo ya mto Kimemi. Vijana wenye magari walimwendea awabadilishie mlio. Hakuwa na mabomba mapya. Alikuwa na rundo la vyuma vya magari yaliyokufa, na alichagua kwa sikio. Anagonga bomba kwa spana, anafumba macho, anasikiliza, anatupa, anachukua lingine. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikimtazama. Fundi anayefumba macho akiwa kazini mimi simwamini.

Saa tano bomba la zamani lilikuwa chini na jipya limeshikizwa. Lukman akawasha. Mlio ukatoka mnene, wa kiume, kuku wa jirani wakatawanyika, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimepiga ma-point ine tu," Nzanzu alimwambia, akimwonyesha matone manne ya chuma cha kuchomelea pale mabomba yalipokutana. "Hii haiko soudure ya kumaliza. Jaribisha sauti kwanza. Ukiipenda, urudi samedi nifunge muzunguko yote."

"Nitarudi Jumamosi. Bapassager bananingoja."

"Na hii ya zamani, unabeba ao unaniachia?"

"Bakia nayo. Ni ya nini?"

Nzanzu alilipangusa lile bomba kwa kitambaa, akaliingiza ndani ya kibanda chake. Hakulitupa kwenye rundo kama mengine. Hilo nililiona, nikaliweka moyoni.

Alhamisi, saa kumi, Lukman alikuwa Beni. Alikuwa amepiga simu kusema atalala huko. Safi alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo, Zawadi akiandika kazi ya shule. Tukasikia kikohozi kwenye kilima. Mara tatu. Kimya. Mara tatu. Zawadi alitupa daftari akakimbia, akafungua geti lote. Barabara ilikuwa tupu mpaka chini. Halafu harufu ya moshi wa gari ikaingia uani, nzito, na kuku wakaikimbia. Safi aliumwa kichwa usiku kucha.

Nilimpigia Lukman papo hapo.

"Uko wapi?"

"Si Beni? Kuko nini, shemeki?"

"Hakuna kitu," nikamjibu, lakini akili yangu ilikuwa imeshafika kwa Nzanzu. Niliona wazi: ameliweka lile bomba kwenye gari jingine, ili watu wa nyumba hii wamfungulie mwizi bila kuuliza.

Ijumaa nilikwenda kwake. Bomba lilikuwepo, limetundikwa ukutani kwenye msumari wake peke yake. Nzanzu alinishika mkono.

"Mwambie shemeki yako asisahau kesho. Arudi, nimalizie kazi yangu."

Alisema hivyo bila kucheka. Mtu anaweka kitu cha mwenzake ukutani, sauti ya kitu hicho inatembea mjini peke yake, na yeye anataka kumalizia kazi. Kwetu mtu hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo ili ajue ni uchawi. Jioni nilimwambia Lukman asikanyage tena kwa yule fundi. Alinicheka, akasema kazi ya mpakani imeniharibu kichwa. Safi, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, hakucheka.

"Kama yaya anasema, umusikie," alimwambia mumewe. "Ile harufu nilisikia na pua yangu."

Jumamosi ikapita, Lukman hakwenda. Nzanzu akatuma ujumbe kwenye simu ya Lukman, halafu akatuma wa pili. *Leta gari. Usikawie.* Nikamwonyesha Safi. "Unaona? Anaita gari." Moyoni nilikuwa hata na furaha kidogo, furaha ya mtu aliyekamata hati ya uongo.

Jumatatu Lukman alikuwa nyumbani. Gari lake lilikuwa uani, kimya, injini baridi. Tulikuwa mezani, sote wanne, chai mbele yetu. Kikohozi kikaanza kwenye kilima.

Kikapanda. Kikafika getini. Kikabaki hapo, kikikohoa polepole, namna gari linavyomsubiri mtu.

Halafu geti likagongwa. Siyo pale mkono wa mtu aliyesimama unapofika. Chini, usawa wa goti. Mara tatu, kwa kiganja.

Zawadi alimtazama baba yake.

"Papa," akanong'ona, "ni weye ule."

Lukman alikuwa amekishika kikombe bila kukiinua. Ile harufu ilikuwa inapita chini ya geti na kuingia mpaka ndani. Tulikaa hivyo mpaka sauti ikaisha. Haikuondoka. Iliisha tu.

"Munisikie," Lukman akasema. "Kuanzia leo mimi nitakuja na mulio mupya. Ile ya kukohoa, hapana mufungulie. Hata inalia namna gani."

Niliuchukua ufunguo wa kufuli la geti nikautia mfukoni mwangu. Nilijiona mwanaume wa nyumba.

Alhamisi alitoka alfajiri kwenda Beni. Saa nane mchana alipiga simu: amepakia bidoni za mafuta ya mawese, yuko peke yake, mvua ni kubwa tangu Kalunguta, amefunga vioo vyote, kichwa kinamuuma kidogo. Atafika saa kumi.

Saa kumi na dakika thelathini na tano tulikuwa sebuleni. Mvua ilikuwa inapiga bati la nyumba hata tukapaza sauti ili tusikilizane. Hata hivyo Zawadi alisikia. Alisimama.

Kikohozi kwenye kilima.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Safi alimvuta mtoto, akamfunga mikononi. Gari lilifika getini. Liligusa bati, likarudi nyuma kidogo, kisha likasimama. Tulisubiri tulichokijua. Kikaja. Chini, usawa wa goti. Mara moja. Baadaye mara ya pili, dhaifu. Mara ya tatu haikuja.

"Yaya," Safi alininong'oneza sikioni, "kama ni yeye?"

"Lukman iko na mulio mupya. Alisema mwenyewe."

"Mupigie simu."

Nilikwenda mlango wa nje, mbali nao, nikapiga. Ikaita. Na sasa nitasema jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Niliisikia ikilia. Nje. Ng'ambo ya geti, ndani ya mvua, chini ya kile kikohozi. Iliita mara tatu nikaikata.

"Hashiki," nikasema, nikaitia simu mfukoni, pamoja na ufunguo.

Nilijiambia kwamba kitu kinachojua kuiga gari kinajua na kuiga simu. Nilijiambia kwamba kimeshamla Lukman njiani, sasa kimebeba vitu vyake. Nilijiambia mengi. Ukweli ni mmoja: niliogopa. Sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuonana nacho.

Gari lilikohoa muda mrefu. Zawadi alilia, akachoka, akanyamaza. Mvua ikapungua. Injini ikazimika yenyewe. Ndipo tukasikia jirani yetu Berthe, barabarani, akipiga ukelele.

"Safi! Safi, bwana yako iko huku chini!"

Ufunguo ulinianguka mara mbili. Lukman alikuwa amelala kati ya bampa na geti, shavu kwenye matope, kiganja kimoja bado kimeegemea bati. Midomo yake ilikuwa myekundu. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Tulimbeba mbio hospitali, na daktari akatumulika machoni, sisi wote, akatuuliza gari lilikuwa na harufu gani. Ni moshi, alisema. Umemjaa damuni kidogo kidogo njia nzima.

"Mungemuleta nusu saa mapema," alisema kwa upole, "tungemupa oxygène."

Tulimzika kesho yake kabla ya jua kuwa kali. Jumamosi Nzanzu alikuja. Hakuniomba ruhusa, alilala chini ya lile gari kwenye matope, akakaa muda, akatoka akilia. Matone matatu kati ya manne yalikuwa yameachia. Bomba lilikuwa limening'inia kwa lile la nne, limepasuka chini ya kiti cha dereva hasa, na hapo ndipo mlio mnene ulipokufa na kikohozi kikarudi.

"Nilituma message mara mbili," alisema. "Nilisema alete gari. Ju ya nini hakukuja?"

Na lile bomba ukutani? Alishangaa hata nikauliza. Alikuwa amemwekea Lukman, alisema, kwa sababu wengi huchoka na mlio mpya baada ya mwezi na kurudi kudai wa zamani. Nilikuwa nimemshuku fundi, msumari, kitambaa, na macho yaliyofumba. Yale matone manne, aliyotuonyesha kwa kidole, sikuyashuku.

Hakuna aliyenilaumu. Watu wa mtaa waliosikia habari ile walisema kikohozi kilikuja mapema kutuonya, tukakielewa vibaya. Safi alisema ni mapenzi ya Mungu, akaniwekea chakula kama kawaida. Nilikula. Nilikuwa na aibu ya kukataa.

Siku ya arobaini, wageni walipoondoka, Safi aliniomba simu yangu atoe picha za mumewe. Nilimpa bila kufikiri. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaja, akakaa karibu nami, akaigeuza nione.

Ilikuwa orodha ya simu nilizopiga. Jina la Lukman, Alhamisi ile, saa kumi na dakika arobaini. Mazungumzo: dakika thelathini na nane.

Niliikata. Iliita mara tatu nikaikata, mkono wangu unakumbuka. Na simu ya Lukman tuliikuta juu ya kiti cha dereva, imelowa, imezimika, yeye yuko hatua tatu mbele, chini. Nani aliipokea? Nimewapelekea vijana wa simu hapa Butembo na kule Kasindi, wamefungua, wameangalia. Wote wanasema ilipokelewa, na ilikatwa upande wa kule, siyo upande wangu.

Siku ile nilimwambia Safi kila kitu. Ufunguo, mlio niliousikia nje, uongo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Yaya," akasema, "dakika makumi tatu na nane. Alikuambia nini?"

Nilimwapia. Hakunisadiki. Sasa nimerudi Kasindi, na kila Ijumaa baada ya swala ananipigia, ananiuliza hali ya mgongo, halafu ananiuliza lile lile, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeomba kitu kilicho chake. Geti hanidai. Ameshanisamehe geti. Anataka tu maneno ya mwisho ya mume wake, na anaamini mimi ninayo, nimemficha.