Mimi Sina Neno, Ila Majirani

"Mimi binafsi sina neno na wewe, mwanangu. Sina hata chembe."

Katibu wa chama alisema hivyo huku akikisogeza kikombe chake pembeni, kana kwamba chai ndiyo iliyomkosea. Mbele yake alikaa mwanamke mwenye funguo za gari kidoleni, jasho la jua la mchana bado liko shingoni. Kata nzima ilimwita Klachi. Alikuwa mwalimu wa udereva, na neno hilo alilipigia kelele kutwa barabarani mpaka likamganda yeye mwenyewe.

"Kama huna neno, Katibu, mbona jina langu limeondolewa?"

"Halijaondolewa. Limesogezwa."

"Limesogezwa wapi?"

"Chini."

"Chini ya nani?"

Katibu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua. "Sikiliza. Tunautaka udiwani huu. Tumefanyiwa utafiti. Watu wanakusifu, nisikudanganye. Mchapakazi, huna makuu, umewafundisha gari watoto wao. Ila sasa... wewe ni Mhindi. Wapiga kura hawatakubali."

"Nimezaliwa kata hii. Baba yangu kazaliwa kata hii."

"Mimi nalijua hilo. Wao ndio shida."

"Wao nani?"

"Wapiga kura, mama! Unataka nikutajie mmoja mmoja?"

Klachi akazungusha funguo kidoleni, akauliza, "Huo utafiti kaufanya nani?"

Katibu akatazama dirishani. "Mtu anayekufahamu vizuri. Tena anakutakia mema. Usinichimbe zaidi ya hapo."

Klachi alitoka mle ofisini. Katika mji ule, mtu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba na kuwauliza watu wanapenda sabuni gani, redio gani na kiongozi gani alikuwa mmoja tu. Ndiyo kazi iliyomlisha, na kwa hiyo kazi watu wakamwita Takwimu.

Na huyo Takwimu alikuwa mpenzi wake.

Walikutana alipokuja kujifunza gari. Aligonga kila kilichosimama na baadhi ya vilivyokuwa vinatembea, na kila akigonga alicheka mpaka mwalimu naye akashindwa kununa. Huyo huyo ndiye aliyemwambia agombee. Angewezaje kumzunguka?

Alikaa ndani ya gari, akapiga simu.

"Mpenzi, wameniondoa kwenye ugombea."

Takwimu akauliza, "Nani kakwambia?"

Klachi akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Mtu aliyeshtuka kweli angesema haiwezekani, au angeuliza sababu. Huyu aliuliza nani kakwambia.

"Katibu. Anasema kuna utafiti."

"Tafiti ziko nyingi, mpenzi."

"Wewe ndiye uliyeufanya?"

"Sasa hapo unanituhumu?"

"Nimeuliza."

"Mimi niko upande wako siku zote, unalijua hilo. Lakini tuwe wakweli. Watu wa hapa unawajua. Mimi sina neno, ila wao..."

Maneno yale yale ya Katibu, kama yametoka kinywa kimoja. Halafu akakumbuka kwamba hayakuwa mageni hata kidogo. Kila alipouliza lini atapelekwa kwao akamsalimie mama mkwe, Takwimu alijibu hivyo hivyo: "Mimi sina neno, ila mama bado. Mpe muda."

Jioni ukaja ujumbe: "Mpenzi, achana na hili jambo, siasa ni tope. Tulia. Uchaguzi ukipita tutafunga ndoa yetu kimya kimya, tuanze maisha."

Aliusoma akiwa amesimama jikoni. Maneno mengine aliyapita. Kwenye "kimya kimya" akakwama.

Baba yake, fundi saa ambaye macho yalishamstaafisha, alimwona.

"Ni yule kijana wako?"

"Ndiye, baba."

"Huyo mbona haji mchana?"

"Ana kazi mchana."

"Na Jumapili je? Mwanangu, huyo kila akija anaegesha pikipiki mtaa wa nyuma. Nilidhani anaogopa wezi." Mzee akachovya mkate kwenye chai. "Siku hizi nadhani anaogopa kitu kingine."

Klachi alikuwa hajawahi kuliona lile la pikipiki. Au alikuwa ameliona, akaamua kulipita.

Kesho yake aliahirisha masomo, akaingia mtaani kwa miguu. Alianzia kwa muuza mkaa.

"Mama, nikisimama udiwani utanipigia kura?"

"Mimi? Tena mikono miwili! Ila wale wa upande wa sokoni, hao, mh! Wabaguzi wale."

Akaenda upande wa sokoni. Kinyozi akazima mashine katikati ya kichwa cha mtu.

"Mimi nakupigia, dada, hilo usiwe na shaka. Tatizo ni wa kule kwa muuza mkaa. Wale hawawezi kumchagua Mhindi."

Mwenye kichwa nusu akadakia, "Kweli kabisa. Hawana ustaarabu."

Klachi nusura acheke. Kila mlango ulimnyooshea kidole mlango wa pili. Mwenye bucha peke yake ndiye aliyefuta mikono kwenye aproni, akamtazama usoni.

"Mimi sitakupigia."

"Kwa nini, kaka?"

"Ninyi mna kwenu. Mambo yakiharibika hapa mtapanda ndege, sisi tutabaki."

"Kwetu wapi? Hata pasipoti sina."

"Basi babu yako alikuwa nayo. Sikuchukii, ila kura yangu hupati."

Yalimchoma. Alipofika kona ya mtaa ilibidi asimame kidogo, ajifanye anatafuta kitu mkobani. Hata hivyo kulikuwa na kitu ndani ya yale maneno kilichomfanya amheshimu mwenye bucha hata akiwa ameumia. Yule bwana alisema "mimi". Hakujificha nyuma ya mtu.

Akageuza njia, akaenda mahali ambapo hakuwahi kualikwa.

Mama yake Takwimu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Chumba kilijaa sketi zisizo na pindo na mashati yasiyo na mikono, na yeye alikuwa nyuma ya cherehani, pini amezibana midomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saizi gani?"

"Sijaja kwa sare. Mimi ni mchumba wa mwanao."

Mama akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa. Akamtazama Klachi kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe ndiye yule mwalimu wa gari?"

"Ndiyo, mama."

"Si mliachana?"

"Nani kasema?"

"Mwanangu. Kaniambia wazazi wako walimfukuza mlangoni, kwamba hawataki mkwe mweusi. Nikalia mimi hapa, nikaharibu na kitambaa cha watu. Nikasema, hivi mtoto wangu ana kasoro gani?"

Klachi alijikuta ameketi bila kukaribishwa. "Mama, baba yangu anamsubiri mpaka leo aje mchana. Na mimi nimeambiwa wewe ndiye hunitaki."

"Mimi?" Mama akajipiga kifuani. "Mimi ambaye sijawahi kukuona? Ningekukataa kwa kukunusa?"

Klachi akamweleza yote, ya Katibu na ya ule utafiti. Kisha mama akavuta simu yake kutoka chini ya lundo la kola, akabonyeza spika na kuweka kidole mdomoni.

"Haloo, mama. Vipi?"

"Mwanangu, nimesikia yule binti mwalimu wa gari anagombea."

"Hagombei tena. Hilo nimeshalimaliza."

"Umelimalizaje?"

"Chama kiliniomba maoni. Nikawaambia hauziki. Utafiti wenyewe unasema hivyo."

"Uliwauliza watu kama wao watampigia?"

"Watu hawasemi ukweli wakiulizwa hivyo, mama. Unawauliza kama majirani zao watampigia. Hapo ndipo wanafunguka."

"Na binti kakukosea nini?"

Sauti ya upande wa pili ikapanda. "Hajanikosea kitu! Nampenda! Lakini akisimama jukwaani, mimi nitatakiwa nisimame pembeni yake. Watu watasema nini? Watasema nimefuata mali."

"Mali gani?" Klachi akadakia kabla hajajizuia. "Gari lenyewe la kufundishia tunalisukuma kila asubuhi!"

Kwenye simu ikasikika honi ya gari la mbali.

"Mama... uko na nani?"

"Niko na mkwe wangu," mama akasema. "Yule niliyemkataa. Kaja nimkatae tena."

"Mpenzi, nisikilize. Nilikuwa nakukinga. Wangekudhalilisha."

"Nani?"

"Watu."

"Nitajie mmoja."

Hakutaja. Alihema tu, akahema, mpaka mama akakata simu mwenyewe. Kisha akaivaa miwani yake, akavuta shati lililokuwa karibu na kuanza kulipiga pasi, ingawa pasi ilikuwa ya baridi.

"Nisamehe, mwanangu. Huyu nilimzaa mimi, ila huu woga sijui kautoa wapi."

Klachi hakulia pale. Alilia garini, kioo kikiwa juu. Alipomaliza akampigia Katibu.

"Waite wanachama wote wapige kura wenyewe. Wakinikataa nitaondoka nikiwapungia mkono. Lakini nisikataliwe na majirani wa watu."

"Mwanangu, unajitafutia aibu."

"Aibu ni yangu, Katibu. Niachie niivae."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Takwimu naye alikuja, akasimama karibu na mlango wa nyuma. Klachi alipopewa nafasi hakutoa ahadi ya barabara wala ya maji.

"Nina maswali mawili," alisema. "Nani hapa hatanipigia kwa sababu mimi ni Mhindi? Anyooshe mkono. Sitakasirika."

Watu wakatazama sakafu. Mwenye bucha akanyoosha mkono wake, peke yake, na watu wakamzomea.

"Msimzomee," Klachi akasema. "Swali la pili. Nani anadhani jirani yake hatanipigia?"

Mikono ikapanda ukumbi mzima. Kisha wenyewe wakageuka kulia na kushoto, kila mtu akauona mkono wa jirani yake umenyooka. Kinyozi akakutana macho na muuza mkaa. Kicheko kilianzia kwenye viti vya mbele, kikaenda na kurudi, mpaka Katibu akagonga meza.

"Kumbe jirani ni mimi!" mtu akapiga kelele.

Kura ya siri ikapigwa. Klachi akapita.

Lakini uchaguzi si ukumbi. Wapinzani walipita na vipaza sauti wakiuliza kama kata imekosa watoto wake. Mabango yake yaliandikwa "RUDI KWENU" kwa makaa. Kuna waliompa mkono halafu wakaufutia kwenye nguo wakidhani haoni, na kuna wengine waliocheka pale ukumbini wakaenda kwenye sanduku na moyo ule ule wa zamani. Takwimu alimtumia ujumbe kila siku. "Nisamehe." "Nilikosea." "Naomba dakika moja." Mama yake hakutuma ujumbe. Alikuja kwenye mikutano mchana kweupe, akakaa mstari wa mbele karibu na fundi saa, wakagawana mwavuli.

Asubuhi baada ya uchaguzi matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa shule. Klachi ameshindwa. Hakushindwa vibaya, ni pengo ambalo mtu angeweza kulifikia kwa mkono, lakini ameshindwa. Watu walimshika bega, wengine wakamkwepa. Alikuwa bado anaisoma ile karatasi aliposikia sauti nyuma yake.

"Pole."

Takwimu. Kakonda, macho mekundu.

"Asante."

"Sikuja kukucheka." Akameza mate. "Lakini unaona? Nilikwambia. Walikuwa wapo kweli. Sikuwatunga mimi."

"Hukuwatunga. Mwenye bucha yupo, na wenzake wapo. Kumbe ni wengi kuliko nilivyodhani." Klachi akageuka. "Tofauti ni kwamba hao wamenikataa kwa kura zao. Wewe ulinikataa kwa kura za watu wengine. Ulimpa mama yako moja, ukampa baba yangu moja, kata nzima ukaigawia. Ya kwako ukaificha mfukoni."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua. Na ungenambia unaogopa ningekushika mkono tukaogopa wote. Ulinambia mama hataki."

"Nakupenda. Nitasimama popote sasa, mbele ya yeyote. Hata leo nitakwenda kwa baba yako, nitapita sokoni katikati."

Klachi alitafuta usoni mwake yule mwanaume aliyekuwa anacheka akigonga vitu, akamwona, yupo. Moyo ukamvuta hatua moja. Kisha akajiuliza: akisema atapita sokoni, ni yeye anayesema, au ni hofu ya kuachwa? Hata akilipata jibu leo, kesho yeye mwenyewe atatilia shaka jingine. Kila simu atakayopokea pembeni, kila "watu wanasema", atakuwa anauliza watu gani. Hakutaka kuwa mke wa namna hiyo.

"Jana nilikupigia kura," Takwimu akasema kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka kitu cha kumwokoa. "Naapa. Mimi nilikupigia."

"Nakuamini."

Uso wa Takwimu ukanawiri. "Kweli?"

"Kweli kabisa," Klachi akasema, akikunja shali yake begani. "Kura ni ya siri. Ndiyo maana uliweza."

Akampita, akaenda kule getini walikokuwa wanamsubiri wazee wawili chini ya mwavuli mmoja.