Hodi Bila Karibu

Zahanati ya Bi Juliana iko Morogoro mjini, karibu na njia inayopanda milima ya Uluguru. Asubuhi hujaa watu. Wanawake wa mlimani hushuka alfajiri na ndizi na mboga. Wakishauza, huwapeleka watoto zahanati, kisha hukimbilia magari ya kurudi juu. Ikifika saa saba mchana, benchi zote ni tupu.

Ukimya huo ndio uliomtia Bi Juliana hasira. Alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwema, tena mwenye huruma kwa wagonjwa. Lakini mfanyakazi wake akikaa kitini bila kazi, yeye ndiye aliyeumwa mgongo.

Mfanyakazi mwenyewe alikuwa Mwanvita, binti wa mapokezi. Asubuhi Mwanvita hakuwa na mfano. Alipokea watu, alitafuta kadi zao, alibembeleza watoto wanaolia. Mchana alitoa simu, akavaa hedifoni, akatazama tamthilia. Siku moja Bi Juliana alimkuta akicheka peke yake.

"Mwanvita! Nakulipa ucheke?"

"Samahani, mama. Hakuna mgonjwa."

"Mgonjwa hakuna, kazi ipo! Mapazia ni machafu, vyombo vimejaa huko nyuma. Nikikukuta umekaa tena, tafuta kazi kwingine."

Mwanvita aliogopa sana. Mshahara wake ndio uliowalisha mama yake na wadogo zake. Kuanzia hapo kila mchana alikuwa uani. Alifua, alisugua sufuria, alimenya hata vitunguu vya Bi Juliana vya jioni. Bi Juliana aliridhika. Meza ya mapokezi ilibaki bila mtu.

Alhamisi moja mchana, Mwanvita alitoka uani na beseni la mapazia. Alitaka kuyaanika mbele, kwenye jua. Alipofika mlangoni alisimama ghafla. Beseni lilimponyoka, maji yakamwagika.

Mwanamke kijana alikuwa ameketi kwenye ngazi, amempakata mtoto. Mtoto alikuwa amekakamaa. Macho yalikuwa yamegeuka juu, na povu lilimtoka mdomoni.

"Mungu wangu! Tabibu! Tabibu Yeremia, njoo!"

Yeremia, tabibu wa zahanati, alitoka mbio chumbani kwake. Alimnyakua mtoto. Bi Juliana naye alikuja mbio, viatu kaviacha ofisini. Walimlaza mtoto ubavu, wakampima, wakamchoma sindano. Lilikuwa degedege la homa kali. Mama wa mtoto alisimama ukutani, hata machozi hayakumtoka.

Baadaye mtoto alilegea, akapumua vizuri, kisha akalia. Kilio kile kilimfurahisha kila mtu.

"Pole, mwanangu," Bi Juliana alimwambia yule mama. "Umefika saa hii hii?"

"Hapana, mama. Nipo hapa muda mrefu. Naitwa Pili, natoka Kinole, kule mlimani. Tulipofika mtoto alikuwa na homa tu; degedege lilimshika dada huyu alipokuwa anatoka."

"Sasa mbona hukuingia? Mlango si uko wazi?"

Pili alimtazama kwa mshangao.

"Nilipiga hodi, mama. Nikapiga tena, na tena. Hakuna aliyesema karibu. Nitaingiaje kwa watu sijakaribishwa? Nikasema labda wamekwenda kula. Nikakaa kuwangoja."

Kumbe wote walikuwepo. Yeremia alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, feni inavuma. Bi Juliana alikuwa ofisini, anazungumza kwenye simu. Aliyepaswa kusema karibu alikuwa uani, mikono imejaa sabuni. Bi Juliana aliketi kwenye benchi. Mtoto wa watu alitaka kufia mlangoni pake, na dawa zimo ndani, na tabibu yumo ndani!

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemtoa Mwanvita pale mezani."

Rahel alikuwa ameshafika. Ni jirani, msimamizi wa mapokezi katika nyumba ya wageni iliyopakana na zahanati. Kelele za Mwanvita ndizo zilizomleta.

"Pole, dada Juliana," alisema. "Hata wageni wangu huja kwa mafungu, kisha panakuwa kimya. Lakini mtu wa mapokezi simtoi mezani."

"Sasa akae tu? Nimlipe kwa kukaa?"

"Kukaa pale ni kazi, dada. Yeye ndiye anayeitikia hodi. Ila mpe na kazi nyingine ya pale pale mezani. Iwe kazi ambayo mtu akitokea, anaiacha papo hapo. Mwenye mapovu mpaka kwenye viwiko ataiachaje?"

"Kazi gani hiyo?"

Rahel alimgeukia Mwanvita. "Wewe ndiye unayejua. Asubuhi nini kinakuchelewesha?"

Mwanvita alisita. "Kadi, dada. Nazitafuta huku watu wamesimama."

"Basi mchana panga kadi za watakaorudi kesho. Kuna lingine?"

"Kuna wagonjwa wanaopewa tarehe ya kurudi, hawarudi. Sijui wamepona au vipi."

"Wapigie simu. Kwanza hakikisha unaongea na mgonjwa mwenyewe. Ugonjwa wa mtu usimwambie mkewe wala jirani yake. Na hizo hedifoni, mdogo wangu, ziache nyumbani. Ungekuwa nazo leo, hodi ya Pili usingeisikia hata ungekuwa umekaa hapa."

Mwanvita aliinamisha kichwa. Alijua ni kweli.

Mtoto wa Pili alipelekwa hospitali kulazwa, akapona. Bi Juliana alitafuta mtu mwingine wa kufua mapazia. Simu ya zahanati ikahamishiwa meza ya mapokezi.

Wiki iliyofuata foleni ya asubuhi ilikwenda haraka, maana kadi zilikuwa tayari. Mchana Mwanvita alianza kupiga simu. Alimpigia mzee Salehe, mgonjwa wa presha anayeishi upande wa Mzinga.

"Shikamoo, mzee. Naongea na mzee Salehe mwenyewe?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi Mwanvita wa zahanati. Tulikungoja, hukuja. Dawa bado unameza?"

"Aa, mwanangu, nimeshapona! Kichwa hakiniumi tena. Zilizobaki nimempa rafiki yangu Dominiko, naye alikuwa analalamika kichwa. Ila tangu aanze kumeza ana kizunguzungu. Jana kaanguka bafuni."

Mwanvita alishtuka mpaka akasimama.

"Mzee! Asimeze tena hata kidonge kimoja! Njooni wote wawili, sasa hivi! Pandeni bajaji. Asiendeshe baiskeli, ataanguka tena!"

Wazee walifika wameshikana mikono na huku wanagombana.

"Ungeniua wewe!" mzee Dominiko alisema.

"Nilikuonea huruma!" mzee Salehe alijibu.

Yeremia aliwapima. Presha ya mzee Dominiko ilikuwa imeshuka vibaya. Ya mzee Salehe ilikuwa imepanda vibaya. Yeremia alirudia kupima, hakuamini macho yake.

"Wazee wangu, dawa ya presha haigawanwi," alisema. "Mzee Salehe, kichwa kiliacha kuuma kwa sababu ya dawa. Hukupona. Unapaswa kumeza kila siku. Na wewe, mzee Dominiko, ungeendelea na vidonge hivi, ungeanguka usiamke."

Wazee walitazamana. Ugomvi uliishia hapo hapo. Mzee Dominiko alishika ukingo wa kitanda.

Bi Juliana alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Alisikia kila neno. Alitembea polepole hadi mapokezi.

"Mwanvita, wamebaki wangapi hujawapigia?"

"Wengi, mama. Nilisema nitaendelea kesho."

Bi Juliana alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Kesho ni mbali, mwanangu. Mpigie anayefuata."