Mwenyeji Aliyesindikiza Wageni

Kiti kimoja hakikuwa na vumbi.

Jumba lenyewe halikuwa limekaliwa na mtu wa kudumu tangu mlowezi wake afunge virago arudi kwao, enzi ambazo Shikanga alikuwa bado anakimbia na kaptura iliyotoboka matakoni. Vumbi la sakafuni lilitosha kupanda viazi. Madirishani buibui walikuwa wametundika mapazia yao wenyewe. Lakini kile kiti cha mikono, kilichoelekezwa mlangoni, kiling'aa kama kimefutwa asubuhi hiyo hiyo.

"Mnaona?" Shikanga akasema. "Nimewekewa nafasi." Akakaa.

Ilikuwa Agosti 1994, na walikuwa watatu. Edah, mwalimu wa historia, ndiye aliyeandika mahali pa kutembelea kwenye daftari la shule: siku ya kwanza jiwe linalolia la Ilesi na mashimo ya zamani ya dhahabu, siku ya pili jumba hili nje kidogo ya Lumakanda. Farouk wa Mumias, muuza mitumba, alitoa pikapu yake, ambayo tangu jana ilikuwa imechemsha maji mara mbili na kupoteza kioo cha pembeni kwa kugombana na mkokoteni wa punda. Shikanga, kinyozi wa Khayega, hakutoa kitu. Yeye alikuja kuchekesha. Katika harusi na michango ya kanisa alijulikana kama Mzee Mkongojo, babu mwenye sauti ya puani na fimbo inayotangulia miguu, na watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Ila safari hii alikuwa na haraka ya kurudi. Nyumbani alimwacha mkewe Milcah na Ayuma, mtoto wa miezi minne, waliyempata baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa na makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba.

"Mashamba yalipogawanywa," Edah akaeleza, akigeuza kurasa, "familia tatu zilipewa nyumba hii, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyomaliza wiki mbili."

"Zilifukuzwa?"

"Hapana. Walisema walikuwa wanatunzwa sana."

"Kutunzwa nayo ni shida?" Shikanga akacheka. "Mimi nitunzwe hata leo!"

Akatoka nje, akavunja fimbo kwenye mpera, akarudi mgongo ukiwa umepinda. Tap, tap, tap juu ya mbao. "Hodi! Hodi hapa!" Akajijibu mwenyewe: "Karibu, karibu ndani!" Edah alishika mbavu. Hata Farouk, ambaye hakuwa amevuka kizingiti, alitabasamu kidogo. Mzee Mkongojo akakiinamia kiti kitupu kama anayeaga wenyeji wa harusi.

"Basi mzee mwenzangu, tumeshiba. Tusindikize kidogo. Na wewe uje kwetu siku moja, Milcah akuchinjie ingokho, kuku mzima. Ukifika soko la Khayega uliza kwa Shikanga kinyozi, mlango wa kijani, nyuma ya posho mill. Hata mbwa wanapajua! Chukua fimbo yangu, usiteleze."

Akaiegemeza fimbo kitini, wakatoka wakicheka. Nyuma yao mlango ukajifunga polepole, komeo likashuka taratibu, kama linavyoshushwa na mtu anayeijua nyumba yake.

Farouk ndiye aliyeliona. "Mimi nakuambianga kila siku, mdomo wako utakuja kutulaza nje. Usimwalike mtu usiyemwona."

"Ndugu yangu, si hakuna mtu!"

"Ndiyo hiyo nimesema."

Wakabanana watatu mbele, Shikanga upande wa dirisha. Hawajafika hata barabara kubwa, gari likajaa harufu ya maziwa yaliyofurika kwenye sufuria na kuungulia mekoni. Edah alichungulia chini ya kiti. Farouk alinusa shati lake. Kisha Shikanga akaacha kuongea, jambo ambalo marafiki zake hawakuwa wamelishuhudia tangu darasa la nne, kwa sababu mshale wa kasi ulikuwa kwenye sitini, na nje ya dirisha lake kulikuwa na mtu anayetembea.

Hakuonekana. Alisikika tu. Tap. Hatua mbili za kuburuta. Tap. Mwendo wa mzee asiye na haraka, anayewasindikiza wageni huku akisimulia habari za mahindi, na pikapu ilipopunguza mwendo hatua hazikupungua, na Farouk alipokanyaga mafuta hadi vyuma vikalia hazikuongezeka, zilibaki pale pale mkabala na sikio la Shikanga, karibu, kwa heshima.

"Mnasikia?" Edah akanong'ona.

"Nyamaza, mwalimu," Farouk akajibu. "Usimpe mazungumzo."

Walipofika kituo cha Matete gurudumu la nyuma likapasuka. Hatua nazo zikasimama. Farouk alipiga jeki, na Shikanga akaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara, maana alitaka kuona uso wa mtu asiyejua lolote. Yule mama alimpa hindi lake. Halafu, bila kukatiza umbea aliokuwa akiupiga na jirani yake, akalivuta jiko lake pembeni, akaikusanya na sketi yake, vile mtu anavyompisha mzee apite.

Shikanga hakulila lile hindi. Alilishika hadi Kakamega.

Mvua ya adhuhuri iliwapokea mjini, na harufu ilikuwa sasa nzito hata Edah akawa anapumulia ndani ya daftari. Mbele, moja kwa moja, Khayega. Kulia, Mumias.

"Nishushe nyumbani," Shikanga akasema. "Farouk, tafadhali. Nimuone mtoto."

Edah akamgeukia taratibu. "Ulimwambia aje wapi?"

"Kwetu."

"Ulimwelekeza nyumba?"

"Nilimwelekeza hadi rangi ya mlango."

Vifuta mvua vilikwenda vikarudi, na katikati ya sauti yao, tap, mtu alikuwa akisubiri nje kwenye mvua waamue njia. Shikanga aliitazama ile barabara ya nyumbani, iliyobakiza safari ya kumaliza sigara moja, na nguo za Ayuma labda zimelowa kwenye kamba, na Milcah labda ameketi karibu na dirisha akinyonyesha.

"Kata kulia," akasema.

Shangazi yake Farouk, Bi Swafia wa Mumias, alikuwa akiwasomea dua watu waliopatwa na majini. Pikapu ilipoingia uani kwake alitoka na mwavuli, akanyoosha kiganja.

"Asalaam aleikum, Shangazi," Farouk akaanza.

"Waleikum salaam. Msishuke." Akanusa hewa mara moja tu. "Nani alimwita?"

Shikanga akainua mkono kama mtoto wa shule. Akaeleza yote, na bibi akasikiliza akimtazama si yeye, ila mahali patupu kando ya mlango wa gari.

"Huyu hana kosa," akasema hatimaye. "Ni jini wa nyumba, amekaa na watu akazoea watu. Mmeomba awasindikize, amewasindikiza. Hatarudi mwenyewe mpaka aagwe. Mrudisheni leo hii, jua halijatua. Umfikishe mlangoni, usiingie. Umshukuru. Kisha umwambie: kwangu usije. Maneno hayo hayo. Na kwa sauti ile ile uliyomwalika nayo, ndiyo anayoijua."

"Nikishindwa, Bibi?"

"Una mtoto?"

"Wa miezi minne."

Bi Swafia akarudi nyuma hatua moja. "Majini wa nyumba wanapenda sana watoto, mwanangu," akasema kwa upole. "Wakiwabeba, hawajui kuwarudisha wenyewe."

Walifika tena Lumakanda saa kumi na moja, mvua ikiwa imekatika na mahindi yakidondosha matone pande zote. Edah na Farouk walibaki garini, vioo juu, dua midomoni, kila mmoja ya dini yake. Shikanga alitembea peke yake, na kushoto kwake fimbo ilitembea. Tap. Tap. Alikuwa ameyarudia yale maneno njia nzima, kwangu usije, kwangu usije, kama anavyokariri mchezo mpya, na alijua kwamba hajawahi kusahau mstari hata mbele ya watu elfu mbili. Mlangoni, fimbo ikasimama. Komeo likainuka. Mlango ukafunguka kidogo, akakiona kiti kile kikimsubiri, kinang'aa, na karibu yake kingine, kilichokuwa kimejaa vumbi asubuhi, kikiwa sasa kimefutwa.

Akapinda mgongo. Akaitoa sauti ya Mzee Mkongojo, ikatetemeka bila kuigizwa.

"Asante mzee mwenzangu. Umetusindikiza vizuri. Sasa umefika kwako."

Palikuwa kimya. Kimya cha mwenyeji anayengoja mgeni amalize. Na Shikanga, aliyelelewa na nyanya yake Shinyalu, aliyepigwa makofi ya kisogoni hadi akajua kwamba mtu hamwambii mwenyeji wake neno baya akiwa amesimama kwenye kizingiti chake, akafungua mdomo kusema lile la mwisho, kwangu usije, na Mzee Mkongojo, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiaga wenyeji kwa namna moja tu, akamtangulia.

"Basi," ikasema ile sauti, "siku nyingine."

Mlango ukafungwa taratibu.

Angeweza kubisha. Angeweza kurudia. Alisimama pale hadi Farouk akapiga honi, harufu ikawa imekwisha, hewa ikanuka udongo uliolowa tu, na miguu yake ikaamua kwa niaba yake.

"Umesema yote?" Edah akamuuliza.

"Yote."

Desemba, kwenye harusi moja mjini Kakamega, Mzee Mkongojo hakutokea. Shikanga alipinda mgongo, akafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Alijaribu tena kinyozini, chooni, shambani peke yake. Hakuna. Watu walimpa pole, naye moyoni alishukuru, akiamini kwamba hayo ndiyo malipo na kwamba yamekwisha. Usiku alilala. Ayuma alinenepa, akaota meno mawili, akaanza kukaa bila kushikwa.

Januari, alasiri moja, umeme ulipotea sokoni, mashine za kunyolea zikanyamaza, akaenda nyumbani mapema. Alijilaza kwenye kochi, Ayuma akasinzia juu ya kifua chake. Milcah alikuwa jiko la nje, akiimba wimbo wa kanisani.

"Mama Ayuma!" Shikanga akaita kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto. "Maziwa yanaungua huko!"

"Maziwa gani, Baba Ayuma? Sijabandika chochote."

Tap, kwenye mawe ya uani. Hatua mbili za kuburuta. Tap. Zikaja hadi kwenye mlango wa kijani, zikasimama, zikasubiri kwa adabu.

"Hodi!" ikasema sauti ya puani, yenye kutetemeka, sauti yake mwenyewe ya miaka ishirini. "Hodi hapa!"

Alitaka kupiga kelele. Kikatoka kikohozi.

Na kule jikoni Milcah akaachia kicheko, cha kwanza cha namna hiyo tangu Krismasi. "Uwii! Sauti yako imerudi! Karibu, Mzee Mkongojo! Karibu ndani!"

Komeo likainuka taratibu. Ayuma akaamka. Hakulia. Alimgeuzia baba yake kisogo, akautazama mlango, na kabla ya neno lolote kusemwa, akaanza kucheka.